Vitambaa vya Mavazi ya Kale: Namna ya Kuchagua kwa Gharama Ndogo

Kila mwaka shule za Kaunti za Migori na Homa Bay zinapojiandaa kwa tamasha la michezo ya kuigiza, mafundi wa cherehani huletewa kazi isiyo ya kawaida. Hawaombwi sare za shule wala magauni ya arusi, bali mavazi ya watu waliokwisha kufa zamani: mzee wa Kanyamwa wa siku za Gor Mahia, askari wa King's African Rifles, mpagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, au mwanamke wa wakati ule ambapo nguo za dukani zilikuwa hazijafika katika nchi ya ziwa. Kazi kama hiyo huombwa pia na vikundi vya ngoma, na watu waendao kwenye matamasha ya utamaduni kama lile la Rusinga. Mara nyingi fedha ni haba, siku ni chache, na fundi hana hata picha moja ya kutazama.

Fedha hizo hutoka katika mifuko ya wazazi. Shilingi zikiisha katika kitambaa kisichofaa, ndiyo hizo hizo zilizotakiwa kuwa nauli ya watoto na chakula chao njiani. Tena liko jambo la pili lisilopimwa kwa shilingi. Wakati wa maonyesho huwapo wazee waliowaona nyanya zao wakivaa mavazi hayo. Mzee akiona vazi la uongo hunyamaza kwa adabu, lakini mtoto aliyekaa karibu naye hulichukua kuwa ndilo la kweli, akaenda nalo maisha yake yote.

Ichukuliwe mfano wa shule moja ya kutwa yenye wachezaji 24, na mchezo wao ni juu ya miaka ya 1914 hadi 1918. Katika mchezo huo wamo wazee wanne, wanawake sita, askari watano, wapagazi wanane na chifu mmoja. Mwalimu wao amefika kwa fundi mmoja mwanamke pale Oyugis, amebeba mita kadhaa za satini nyekundu na ya dhahabu.

"Mama, watoto wameipenda hii kwa sababu inang'aa," asema mwalimu.

"Inang'aa ndiyo, mwalimu," fundi amjibu, huku akiikunja, "lakini katika watu wako hawa, nani alivaa kioo?"

Swali la fundi huyo ndilo mwanzo wa kazi yote. Kabla ya kuuliza bei, yafaa kuuliza: mtu huyu alivaa nini kwa kweli? Na hapa liko jambo la kufurahisha ambalo wengi hawalijui. Kwa watu wa Nyanza ya Kusini wa siku zile, vazi la kweli karibu kila mara ndilo la bei ndogo. Gharama huja pale mtu anapotaka kuipamba historia kuliko ilivyokuwa.

Nguo iliyoenea sana katika Afrika Mashariki ilikuwa merikani, yaani pamba nyeupe isiyotiwa dawa ya kung'arisha, yenye rangi kama ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi kidogo. Jina lake linaonyesha asili yake. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, waliileta Unguja katika karne ya 19, na mwaka 1833 Marekani na Zanzibar zilifanya mkataba wa biashara. Marekani ilipoingia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, shehena zilipungua sana, na nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi. Lakini jina halikubadilika. Misafara iliibeba bara kwa majora, kila jora yadi 30. Ikapimwa kwa doti ya yadi nne na shuka ya yadi mbili. Reli ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, na vyombo vya ziwani vikawa vinashusha mizigo Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, merikani ilipatikana katika maduka madogo ya Wahindi kwenye bandari hizo. Katika Kijaluo nguo huitwa nanga, na watu wa kwanza kuonekana wamevaa nguo wakaitwa jonanga, watu wa nguo. Jina hilo peke yake ladhihirisha jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa geni.

Ndugu yake merikani alikuwa kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa nili hata ikawa karibu nyeusi. Kaniki haionyeshi uchafu, kwa hiyo ilipendwa na wenye kazi za mikono.

Basi fundi akitaka kuwavika wanawake na wapagazi wa mwaka 1914, nguo hizo mbili zamtosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Pamba ya namna hii ingali ikiuzwa. Wauza nguo wengi huiita jinja, kwa ajili ya kiwanda cha Nytil kilichojengwa katika mji wa Jinja, Uganda, katika miaka ya 1950. Fundi na aiulize kwa majina yote mawili, merikani na jinja, maana duka moja hulijua hili na duka jingine lile. Kaniki ikikosekana, pamba nyeupe hutiwa rangi ya bluu iliyokolea kwa unga wa rangi wa pakiti. Kazi hiyo ifanywe katika sufuria isiyopikiwa chakula tena.

Kitenge cha rangi nyingi kinachopendwa sana leo kiachwe nje ya mchezo huu. Ni nguo nzuri, na katika soko la Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupatikana kwa wingi pamoja na kanga. Lakini hakikuwa vazi la mwanamke wa Homa Bay wakati wa vita ile. Kanga yahitaji uangalifu vile vile. Ilianza pwani mwishoni mwa karne ya 19, na maneno yake ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga yenye methali kwa herufi za leo, ikiwekwa begani mwa mwanamke wa zamani hizo, itasomwa na watazamaji wa mstari wa mbele kabla mchezaji hajafungua kinywa.

Sasa juu ya kununua. Kosa linalowapoteza wengi ni kulinganisha bei ya mita bila kupima upana. Vitambaa vingine vina upana wa sentimita 90, vingine 115, vingine 150. Tuseme kwamba shati la mpagazi lataka mita 2.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 90, na bei ni shilingi 150 kwa mita. Jumla yake ni shilingi 375. Kando yake kipo kitambaa cha sentimita 150 kwa shilingi 200. Mnunuzi mwenye haraka hukiona cha pili kuwa ghali. Lakini shati lile lile litatoka katika mita 1.6, nayo ni shilingi 320. Kwa wapagazi wanane, tofauti hiyo ni shilingi 440. Bei za soko hubadilika kila mara na hizi ni za mfano tu, bali hesabu yenyewe haibadiliki. Fundi na aende sokoni na utepe wa kupimia, wala asione haya kuunyosha mbele ya mwenye duka.

Mitumba nayo isidharauliwe. Shuka la kitanda kipana lenye mita 2.2 kwa mita 2.4 lina nguo nyingi kuliko mita nne za kitambaa cha sentimita 115, na mara nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kwa kanzu ya chifu au ya msomaji wa misheni hakuna kitu bora. Wasomaji wa kwanza wa misheni, kama ile ya Gendia karibu na Kendu Bay iliyoanzishwa mwaka 1906, ndio miongoni mwa watu wa mwanzo katika sehemu hizo kushika mavazi ya kushonwa, na shuka kuukuu lililofuliwa mara nyingi lina ulaini wa nguo iliyovaliwa, ambao kitambaa kipya hakina. Mapazia mazito ya mitumba hufaa kwa makoti na mablanketi. Masoko ya Oyugis, Rongo, Migori na Homa Bay yote yana wauzaji wa mashuka na mapazia. Aendaye mapema asubuhi, marobota yanapofunguliwa, hupata ya namna moja kwa wingi. Jambo hilo la namna moja ni kubwa, kwa maana askari watano waliovaa kaki tano mbalimbali huonekana kama watu waliookotwa njiani.

Mnunuzi atajuaje kwamba kitambaa ni pamba? Macho hudanganya, na wauzaji wengine huita kila kitu pamba. Avute nyuzi mbili tatu pembeni, azishike kwa kibano, azichome kwa kiberiti mbali na nguo nyingine. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na jivu lake ni laini, hupeperuka. Poliesta na nailoni huyeyuka, hujikunja, na huacha kidonge kigumu kisichopondeka kwa vidole. Zikiwapo zote mbili, kitambaa kimechanganywa. Mchanganyiko si dhambi: haukunjamani upesi, nao hukauka haraka. Lakini haushiki rangi ya kupikwa vizuri, na chini ya taa hung'aa kidogo. Isitoshe, kuna hatari. Mchezo ukiwa na moto jukwaani, hata mshumaa tu, mchezaji aliyevaa nailoni asiusogelee, kwa maana nguo hiyo ikishika moto huyeyuka na kuganda mwilini. Pamba nayo huwaka, na haraka pia, kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu kwa vyovyote.

Baada ya kuchoma, kitambaa kitazamwe kwa mbali. Mwenye duka aombwe kukishika juu mlangoni, penye mwanga, naye mnunuzi arudi nyuma hatua kumi na tano. Hapo nakshi ndogo hupotea, nyuzi nzuri na mbaya hufanana, na kinachobaki ni mambo matatu tu: rangi, uzito, na jinsi nguo inavyoanguka. Mtazamaji wa ukumbini hataona zaidi ya hayo. Ndiyo sababu satini ya mwalimu yule haikufaa, ijapokuwa ilikuwa ghali kuliko vitambaa vyote vingine. Kwa mbali ilionyesha mng'ao tu, na mng'ao huo ulikuwa wa wakati mwingine.

Pamba mpya isikatwe kabla ya kufuliwa. Viwanda huitia wanga ili ionekane nzito, na wanga ukitoka nguo hurudi. Fundi akate kipande cha sentimita 50 kwa 50, akiloweke usiku kucha, akifue kwa maji ya moto, akikaushe na kukipima tena. Kikipungua sentimita mbili na nusu, ajue kwamba katika kila mita atapoteza sentimita tano, anunue kwa hesabu hiyo. Tena aone uzito uliobaki: kitambaa kilichokuwa kikisimama kama ubao dukani huenda kikageuka kuwa wavu.

Askari ndio huwatisha walimu kwa gharama, na ni bure. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na askari wake walivaa kaptura za kaki, shati au sweta, na vitambaa virefu vilivyozungushwa miguuni kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Wengi wao katika miaka hiyo walikwenda miguu mitupu. Kwa hiyo viatu vya buti, ambavyo shule huvikodi kwa fedha nyingi, havitakiwi kabisa! Kaptura za kaki ziko katika nyumba nyingi, ni za kuazima. Vitambaa vya miguuni hukatwa katika blanketi kuukuu la rangi ya bluu iliyoiva, upana wa sentimita 10, urefu mita mbili na nusu kwa kila mguu. Tarbushi nyekundu hutengenezwa kwa boksi gumu lililovikwa kitambaa, na kishada chake kwa uzi mweusi wa sufu; lakini vitani kofia ilifunikwa kwa kaki, na kipande kikaning'inia nyuma kukinga shingo na jua. Mchezo ukionyesha gwaride, iwe nyekundu. Ukionyesha mwezi Septemba 1914, wakati majeshi ya Wajerumani yalipovuka mpaka yakaingia Kisii na kupigana na askari wa Kiingereza, iwe kaki.

Mpagazi hahitaji pambo ila moja. Maelfu ya watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, ambao jina la kikosi chao limebaki Nairobi katika neno Kariokor, walipewa kisahani cha chuma chenye namba cha kuvaa shingoni. Mfuniko wa kopo, msumari wa kutobolea namba, na kamba: kazi imekwisha. Kitu hicho kidogo kisicho na bei huweza kuwaliza watazamaji kuliko mita mia za lasi, kwa kuwa wengi wa watu wale hawakurudi nyumbani, na wale waliobaki nyuma hawakuambiwa kaburi liko wapi.

Mavazi ya wazee na ya wanawake wa zamani zaidi, kabla ya nguo, yataka heshima na busara. Sketi ya wachezaji ngoma iitwayo owalo hufumwa kwa katani, na mkonge umeota katika nyua nyingi za Homa Bay; fundi hununua kisu tu. (Mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani kutoka Florida mwaka 1893, kwa hiyo mtu anayeigiza mambo ya kabla ya hapo angepaswa kutumia nyuzi za mimea mingine. Hata hivyo kwa hatua kumi na tano hakuna awezaye kutambua.) Chieno, lile pambo la nyuzi lililovaliwa nyuma kama mkia, lilikuwa alama ya mwanamke aliyeolewa. Lisivikwe kila msichana kwa kuwa linapendeza linapocheza. Yafaa mwalimu amwendee bibi mmoja wa kijiji, amwamkie, amweleze mchezo, na kumwuliza nani alivaa nini. Ushauri huo hauna bei, na mara nyingi bibi hutoa kutoka sandukuni shanga ambazo hakuna duka linaloziuza.

Ngozi ya mbuzi huruhusiwa na hupatikana kwa wachinjaji, bali ikikaushwa vibaya hunuka na kukakamaa. Moja itengenezwe vizuri kwa mzee mkuu anayesimama mbele. Wenzake watatu wavikwe gunia la nyuzi lililofuliwa, likapakwa rangi ya kahawia kwa brashi kavu. Hiyo ndiyo kanuni ya kutumia fedha katika mavazi yote: kitu cha kweli kwa yule atazamwaye, mfano wake kwa wanaosimama nyuma.

Kondo, kilemba cha manyoya ya mbuni, huleta hatari ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza kuwa na manyoya, ngozi, meno au pembe za wanyama wa porini bila kibali, na adhabu yake si ndogo. Mwalimu asinunue ngozi ya mbega wala manyoya ya mbuni kwa mtu apitaye na mfuko. Manyoya ya jogoo na ya bata mzinga, yakioshwa kwa sabuni, yakatiwa rangi nyeusi na nyeupe na kufungwa matatu matatu kwenye waya, hutoa kilemba kirefu kinachotikisika vizuri. Meno ya kiboko yaliyopamba vichwa vya wapiganaji hufanywa kwa karatasi iliyolowekwa kwa uji wa ngano, ikakaushwa juani.

Katika mapambo mengine, neno ni fupi. Zipu zisionekane katika vazi lolote la wakati ule. Wachezaji wanaobadili nguo haraka wafungwe kwa kamba au kwa vifungo vikubwa vya mbao. Shanga za plastiki hufaa zikisuguliwa kwa majivu ili zipoteze mng'ao. Simbi za pwani zikiwa ghali, zishonwe za kweli kwenye paji la uso na za plastiki kisogoni. Lasi inunuliwe kwa gauni la mke wa mmisionari tu, na hata hapo pindo za mapazia ya mitumba, zikikatwa na kuchovywa katika chai ya rangi, hupata rangi ya uzee katika robo saa. Chai hiyo hiyo hufaa kwa merikani mpya inayoonekana nyeupe mno: majani mengi, chumvi kijiko, nguo ikiwa imelowa tayari, nayo igeuzwe geuzwe isije ikatoka na madoa.

Mishono iachiwe sentimita tatu ndani badala ya moja, na pindo la chini liwe pana, kwani mchezaji wa mwaka ujao hatakuwa na umbo la huyu. Baada ya tamasha mavazi yafuliwe siku ile ile kabla jasho halijakauka, yaanikwe kivulini, yahesabiwe mbele ya mwalimu, kisha yafungwe katika magunia makavu pamoja na vidonge vya kafuri na kuwekwa juu ya mbao, si sakafuni, kwa ajili ya mchwa. Kila gunia liandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika: askari watano, wapagazi wanane, visahani vinane.

Ama satini ya mwalimu yule, haikutupwa. Fundi alimshauri airudishe dukani ingali na risiti, na mwenye duka akikataa, aiweke kwa mchezo mwingine wenye tajiri wa mjini ndani yake.